Farasi Aliyesimama kwa Pumzi

Ukitaka kujua farasi wa mbio ameamkaje, usimtazame usoni. Mguse miguu kwa mgongo wa kiganja, kuanzia gotini kushuka hadi kwenye kwato, mguu wa kushoto kisha wa kulia, na ulinganishe joto. Upande wa ndani wa kiganja umekomaa kwa kushika reki na ndoo, unadanganya. Mgongo wake haudanganyi.

Nimeanza na hilo kwa sababu kila Jumapili baada ya ibada pale Brooklyn Center, tunapokunywa chai, kuna mmoja wenu vijana huniuliza kazi yangu ilikuwa nini hasa, na nikianza tu kueleza, mama yake anamwita waende. Sasa magoti yamenistaafisha kabla ya umri wangu, nafasi ninayo. Naandika kwa Kiswahili nikijua kwamba wengine mtasomewa na wazazi na mtajibu kwa Kiingereza. Haidhuru. Farasi niliowafundisha hawakunijibu kwa lugha yoyote, na tulielewana.

Aliyenifundisha habari ya mgongo wa kiganja ni Mzee Odera, mkuu wa masaisi, watunza farasi, katika banda nililoanzia kazi Nairobi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo yalikuwa matusi. Siku ya kwanza alinipa farasi nimtembeze apoe baada ya mazoezi. Kwa woga nikashika kamba karibu kabisa na kidevu chake, nikaikaza kama niliyekamata mwizi. Farasi akaanza kuzunguka, nami nikazunguka naye.

“Wewe!” Mzee Odera aliita kutoka ng’ambo ya uwanja. “Unamtembeza au mnacheza dansi?”

“Anataka kukimbia, Mzee!”

“Alikuwa hataki. Wewe ndiye umemwambia kuna hatari. Mwachie kamba, bwana.”

Nikamwachia kiasi cha urefu wa mkono. Farasi akashusha kichwa, akatembea kama ng’ombe anayerudi zizini. Nilifurahi, lakini sikuelewa. Nilikuja kuelewa miaka mingi baadaye, huku Minnesota, kwa msaada wa mtu ambaye hakuwa amewahi kugusa farasi.

Nilipofika huku nilianza kama wengi wetu, kwa kulea wazee. Ni kazi ya heshima na sikuiacha kwa kuidharau. Lakini siku za mapumziko nilikuwa naenda maktaba ya umma kuazima vitabu vya miguu ya farasi, vile vyenye michoro ya mishipa na mifupa, na kuvisoma nikiwa na kamusi ubavuni. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa tu nimewazoea wanyama wale, nikataka kujua ndani yao mna nini. Siku moja nikaona tangazo ubaoni: shamba linahitaji mtu wa kufundisha upya farasi waliostaafu mbio. Nikapiga simu. Mwenye shamba, Linda, aliniuliza swali moja tu: “Farasi akikukanyaga mguu unafanya nini?” Nikamwambia, “Namsukuma begani, ahamishe uzito. Nikivuta mguu wangu nitauacha ukucha.” Akacheka. “Njoo Jumatatu,” akasema.

Watu hudhani farasi wa mbio anajua kila kitu. Anajua vitu vichache, ila kwa ukamilifu. Hajui kusimama tuli ili mtu apande, maana maisha yake yote joki, mpandaji wa mbio, amekuwa akirushwa mgongoni huku farasi anatembea. Hajui miguu ya mtu ikining’inia ubavuni, kwa sababu joki hukaa juujuu amekunja magoti. Na lililo kubwa kuliko yote, hajui kwamba kuvuta hatamu ni kumwambia asimame. Kwenye mbio, joki akikaza hatamu, farasi huegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, kama mtu aegemeavyo ukuta, na kwa kuegemea huko hupata nguvu ya kukimbia zaidi. Sasa mpe mgeni. Farasi anaongeza mwendo kidogo, mgeni anaogopa na kuvuta. Farasi anajisemea, kumbe tunaanza, naye anaondoka. Mgeni anavuta zaidi. Kila mmoja anamjibu mwenzake kwa nguvu zake zote, na wote wawili wanaelekea ukutani.

Shamba la Linda lilikuwa magharibi, ukishaipita Eden Prairie na ofisi zake za vioo. Msimu wa mbio ulipokwisha, vuli, wenye farasi walimletea wale wasiowahitaji tena. Tulikuwa na majira ya baridi kuwafundisha. Masharti yalikuwa wazi kwa kila mtu pale: farasi ambaye theluji inayeyuka hajapata wa kumchukua, anarudi kwa mwenyewe, kwa sababu wengine wanakuja. Na wenyewe wengi walikwisha kutamka kwamba akirudi watampeleka mnadani. Mnadani farasi hachagui mnunuzi, na wako wanaonunua kwa ajili ya nyama. Siwaelezi ili niwatishe. Nawaeleza ili mjue kwa nini watu wazima tulikuwa tunasimama kwenye baridi ile ya kukata masikio, tukimbembeleza mnyama asimame.

Farasi ninayetaka kuwasimulia alishuka kwenye trela akiwa amesukwa nywele za shingoni vifundo vifundo, miguu yote minne myeupe hadi chini ya goti, shingo juu, akitazama kama anayengoja kupigiwa vigelegele. Jina lake la mbio lilikuwa refu, lenye habari za moto na umeme. Mimi nikamwita Bwana Harusi. Linda akaniuliza maana, nikamweleza, na tangu hapo hakuna aliyemwita vingine.

Kwanza tulimpumzisha. Hili vijana hamlipendi, lakini ndilo nusu ya kazi. Unampunguzia nafaka, unamwongezea nyasi kavu, unamfungulia malishoni na wenzake, unamwacha awe mjinga kwa muda. Anapungua mwili, manyoya yanakuwa kama ya mbuzi, na mtu asiyejua atasema umemharibu. Siku utakapomkuta amelala chini ubavu mzima, anakoroma, ndipo ujue anaweza kuanza kujifunza.

Bwana Harusi alilala, akakoroma, akaanza kujifunza. Akajifunza kusimama akipandwa. Akazoea miguu ubavuni. Ila kwenye kusimama kutoka kwenye mwendo, hapo alitushinda. Mwanamume mmoja pale shambani, mpandaji hodari mwenye mikono ya fundi chuma, alishuka mgongoni mwake viganja vimechubuka ndani ya glavu. “Huyu hana breki,” akasema. “Ana gia moja tu.”

Riziki alikuwa akisikiliza, reki mkononi. Alikuja pale kusafisha mabanda. Familia yake ilitoka Kivu, wakakaa kambini miaka mingi kabla ya kuletwa huku, na yeye alifanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee kule Crystal: kuwainua, kuwageuza, kuwabadilisha. Asubuhi kadhaa za wiki nilimchukua pale akitoka zamu, maana hakuna basi linalofika shambani, akalala garini njia nzima, mdomo wazi, kisha akaamka na kufagia kama mtu mpya. Nilimfahamu kanisani. Aliniita Tonton, kama Wakongomani wanavyomwita mjomba.

Kwa sababu asiyoijua mtu, Bwana Harusi alikuwa akimfuata Riziki na toroli lake la mavi kutoka mlango hadi mlango, pua begani mwake. Linda akaona. “Mpandishe huyo,” akaniambia. “Tumfunge kamba ndefu, wewe ushike. Tuna cha kupoteza?”

“Tonton,” Riziki akasema, “mi sijui hata kupanda baiskeli.”

“Vizuri. Huna cha kusahau.”

Siku za kwanza zilikuwa kichekesho. Riziki ni mtu wa kusonya. Anasonya ndoo ikimwagika, anasonya simu ikilia, anasonya theluji yenyewe. Sasa, wapanda farasi wa huku, wakitaka farasi aongeze mwendo, hutoa mlio wa kubusu kwa midomo, na masikioni mwa farasi msonyo wa mama wa Kivu aliyekasirika ni busu kubwa mno. Bwana Harusi akikosea hatua, Riziki anasonya. Farasi anaruka mbele. Riziki anakasirika kwa kurukishwa, anasonya tena, mrefu zaidi. Mimi katikati na kamba nazunguka kama pia, sielewi.

“Usisonye!” nikapiga kelele nilipong’amua.

“Sisonyi!” akajibu, akasonya.

Farasi alituzungusha mara mbili zaidi kwa ajili ya jibu hilo. Linda alikuwa amekaa kwenye uzio akijifuta machozi. Ilimchukua Riziki muda kuacha. Alihamishia misonyo yake yote kwenye toroli.

Halafu ikatokea asubuhi moja. Usiku wake ulikuwa mbaya. Alikuwa amefiwa na mzee mmoja aliyempenda, na wafanyakazi wenzake hawakutosha, akainua watu peke yake hadi kunakucha. Nilimwambia apumzike garini. Akakataa. “Huku ndiko napumzika,” akasema. Akapanda. Nikamwongoza Bwana Harusi mwendo wa kudundadunda, ule wa kati ya kutembea na kukimbia, mzunguko mmoja, wa pili. Riziki hakufanya lolote. Alikaa tu. Kisha, kwa uchovu, akashusha pumzi kutoka tumboni, ndefu, mabega yakaanguka, mikono ikalegea mapajani, akasema kwa sauti ya chini, “Eee, Mungu yangu.”

Bwana Harusi akasimama.

Hakupunguza kwanza. Alisimama kwa miguu minne, akashusha shingo, akapumua naye, kwa kelele. Kamba mkononi mwangu ikalegea ikagusa mchanga.

“Umefanya nini?” nikamuuliza.

“Sikufanya kitu, Tonton. Niko nachoka tu.”

Tukarudia. Akasimama. Siku ya pili, akasimama. Nikafungua kamba. Akasimama. Farasi aliyewashinda wenye mikono ya chuma alikuwa anasimama kwa mwanamke aliyechoka. Basi kila asubuhi alipotoka zamu ikawa hivyo: anapanda, wanazunguka, anashusha pumzi na maneno yale, wanasimama, wanakaa kimya wote wawili katikati ya ule uwanja wa ndani wenye paa la mabati. Mara nyingine alilala kidogo palepale, amejiinamia shingoni, na farasi hakuinua hata kwato. Nilikuwa nimewaona wapandaji wengi wazuri, na sikuwahi kuona mmoja ambaye farasi alimlinda usingizini.

Kumtunza farasi ni gharama inayopita kodi ya nyumba ya watu kama sisi. Riziki alijua hilo. Lakini garini, tukirudi, aliniuliza akitazama dirishani: “Tonton, kama hakuna mwengine anamuweza, Linda atamuacha hapa, si ndiyo? Akuwe wa shamba.”

Sikumjibu siku ile. Nilimuuliza Linda kwanza. Linda hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mabanda machache na farasi wengi. “Farasi anayesimama kwa mtu mmoja tu,” akasema, “kwa wengine wote bado hana breki.”

Carol akaja theluji ikiwa imeanza kulainika. Alikuwa mjane wa Eden Prairie, amestaafu kazi ya ofisi, alipanda farasi utotoni na sasa alitaka kurudi. Mtu mpole. Alikuwa anaomba samahani hata kwa ndoo akiipita. Alimpenda Bwana Harusi tangu mlangoni, na alikuwa na zizi nyuma ya nyumba, malisho, na farasi mmoja mzee wa kumpa kampani. Nyumba kama hiyo hatukuwahi kumpatia farasi yeyote.

Akapanda. Kutembea, vizuri. Kudundadunda, vizuri. Nikamwambia asimame. Akavuta.

Mnajua kilichofuata. Walizunguka uwanja ule kwa kasi ambayo sikuwa nimeiona tangu afike, Carol ameegemea nyuma, midomo imebana, hatamu zimekazwa kama waya. Riziki alikuwa mlangoni. Alipiga kelele, “Mungu yangu!” kwa hofu, sauti juu, na farasi akaongeza mwendo. Farasi alisimama alipochoka mwenyewe. Carol alishuka, akamshika shingo kwanza ndipo akashika magoti yake.

“Ni mzuri sana,” akasema. “Lakini sina haja ya kufa.”

Linda akamwomba ajaribu tena Jumamosi. Alipoondoka, akanigeukia. “Jumamosi, Karanja. Ikishindikana nampigia simu mwenye farasi. Lazima.”

Siku ile Riziki hakulala garini.

“Yule mama hamuwezi,” akasema. Hakuwa na huzuni ya kutosha.

“Hamuwezi.”

“Donc, basi atabaki.”

“Hapana, Riziki. Nimemuuliza Linda. Anarudi kwa mwenyewe, na mwenyewe amesema mnadani.”

Tulikuwa tumeshaifikia Crystal, tunapita karibu na kazini kwake, ndipo akasema, “Yule mama anavuta.”

“Anavuta.”

“Mi naweza kumufundisha.” Halafu akanigeukia kwa hasira, kama vile nilikuwa nimemwomba. “Naweza, Tonton! Lakini usiniangalie vile.”

Sikuwa nikimwangalia. Nilikuwa naendesha.

Carol akakubali kuja kila siku. Riziki, kwa Kiingereza chake cha kazini, akamweleza: ukitaka asimame, sema “Eee, Mungu yangu.” Carol akayaandika maneno mkononi kwa kalamu. Akayafanyia mazoezi kwa bidii. Mama mmoja wa kanisani alinisimulia kwamba alimkuta mzungu kwenye duka la Waafrika, ameenda kununua majani ya chai aliyoelekezwa na Riziki, anasema “Eee, Mungu yangu” mbele ya friji la samaki. “Nikamuuliza, mama, una shida gani? Akaniambia, namfundisha farasi. Nikamwachia Mungu wake.”

Juu ya farasi, maneno hayakufua dafu. Carol aliyasema wazi, kwa matamshi yasiyo na kosa, na Bwana Harusi akaendelea na safari.

Hapo nikafanya ambalo ningepaswa kufanya tangu mwanzo, nikajaribu kitu kimoja kimoja. Nikampandisha Riziki, nikamwambia: sema maneno, lakini bana pumzi. Akasema. Farasi hakusimama. Nikamwambia: sasa usiseme kitu, shusha pumzi tu kama unapotoka zamu. Akashusha. Farasi akasimama kabla pumzi haijaisha. Nikamwambia: shusha pumzi lakini mikono ibaki imekaza. Akayumba, akachanganyikiwa, akapunguza tu. Basi jambo likawa bayana. Pumzi ikishuka, kiuno kinakaa, mabega yanaanguka, mikono inaachia, na ule ukuta anaouegemea farasi unatoweka. Joki naye, mbio zikiisha, huachia hatamu. Farasi alikuwa anajua kusimama siku zote. Tulikuwa tunamnyima nafasi. Nilimkumbuka Mzee Odera na matusi yake, na nikaona aibu kidogo kwamba ilinichukua nusu ya maisha.

“Kwa hiyo ni kupumua tu,” Carol akasema.

“Ni kupumua tu.”

Akapumua. Kifua kikapanda, kikashuka kidogo, kikakwama. Bwana Harusi akatikisa kichwa. Carol akajaribu tena. Alikuwa anapumua kama mtu anayepimwa na daktari. Alijaribu siku nzima. Kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Ijumaa Riziki alimshusha Carol kutoka kwa farasi. Akageuza ndoo, akaifunika gunia, akamkalisha. Mimi nilikuwa nabandua matope kwenye tandiko, nikawa nasikia.

“Funga macho,” Riziki akamwambia. “Umeinua wagonjwa usiku muzima. Mutu anaanguka, unamuinua. Mutu analia, unaenda. Unasema niko hapa, niko hapa. Mugongo inauma. Hauwezi kukaa, kwa sababu ukikaa, kengele inalia. Sasa asubuhi. Mwenzako anakuja, anasema: nenda nyumbani. Unafika. Unavua viatu.”

Carol alikaa macho yamefumbwa. Kisha pumzi ikatoka. Ilitoka kwa muda mrefu, na haikutoka peke yake. Alianza kulia, bila kelele, mikono imelala wazi mapajani.

“Pole, mama,” Riziki akasema. “Ulikuwa unainua nani?”

“Mume wangu,” Carol akasema. “Mwaka mzima. Hakuna aliyekuja kuniambia niende nyumbani.”

Riziki akachutama mbele yake, akamvua buti moja, akaliweka chini. Akamvua la pili. Soksi za Carol zilikuwa na michoro ya kuku. Wakazitazama wote wawili, wakaanza kucheka huku mmoja analia.

“Hiyo pumzi,” Riziki akasema, “ndiyo anataka.”

Jumamosi jua lilikuwa kali na maji yakidondoka kila mahali. Linda alisimama upande wa kushoto, mikono mifukoni. Carol akapanda. Walitembea, wakaanza kudundadunda, na nikaona tatizo ambalo sikuwa nimelifikiria: sikio moja la Bwana Harusi lilikuwa mbele, la pili limeelekea pale Riziki alipokuwa amesimama. Kila walipompita, alipunguza, akamtafuta. Carol alishusha pumzi vizuri, na farasi akasimama, lakini alisimama amemgeukia Riziki.

Hakukuwa na mtu wa kumwambia Riziki atoke.

Alijiambia mwenyewe. Alivaa kofia yake, akapita kando ya ukuta bila kumtazama farasi, akatoka, akavuta ule mlango mzito wa kuteleza hadi ukafunga.

Bwana Harusi akainua shingo. Akalia mara moja, mlio mrefu. Akaondoka kwa mwendo wa kasi, Carol amekaa juu yake, wamefika kwenye kona ya mbali, na hapo theluji yote ya majira yale ikaporomoka kutoka kwenye paa la bati.

Asiyewahi kusikia hajui. Ni sauti kama ya lori linalomwaga mawe juu ya kichwa chako, tena inaendelea. Hata farasi mzuri kuliko wote huruka. Bwana Harusi alijikunja, akafyatuka. Linda alitoa mikono mifukoni. Mimi nilifungua mdomo niseme neno, na neno pekee lililokuwa kinywani mwangu lilikuwa la kijinga, lilikuwa vuta.

Sikulisema. Nilimwona Carol akishika nywele za shingo, mikono imeanza kukaza. Nikaona vidole vinafunguka kimoja kimoja. Mabega yakashuka. Sikusikia pumzi, kelele ilikuwa kubwa, lakini niliiona ikitoka, ndefu, na kiuno chake kikakaa kwenye tandiko kama mtu anayeketi ukingoni mwa kitanda chake mwenyewe.

Hatua mbili, tatu. Bwana Harusi akaacha kukimbia. Akatembea. Akasimama katikati ya uwanja, shingo chini, masikio yote mawili nyuma kwa Carol, theluji ya mwisho ikipigapiga nje.

Hakuna aliyesogea. Kwa upande wa pili wa mlango, Riziki hakuwa ameona kitu. Alikuwa amesikia paa, kisha kwato, kisha kimya. Nilikwenda mlangoni, na kabla sijaufungua akauliza kupitia ubao:

“Tonton? Ameanguka?”

“Hajaanguka.”

“Amesimama?”

“Amesimama.”

Nilisikia matone yakianguka kati yetu, na ngumi yake ikiegemea mbao.

“Kwa pumzi,” akauliza, “ao kwa kuvutwa?”

“Kwa pumzi, Riziki.”

Nilisikia ngumi ikiachia mbao.

“Aende,” akasema.